Bakuli Lililorudi Tupu

Wametusimulia waliotutangulia, nami nawapa kama nilivyopewa, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut, zama za waja wema, aliishi mama mchamungu akiitwa Safura. Swala zake kwa wakati, ulimi wake haujui kusengenya. Nasema ulimi, sikusema moyo. Moyo ndio tunaouzungumza leo, kwa hiyo mnaosinzia huko nyuma amkeni.

Nyumba yake ilipakana na ya Lubna, mjane aliyeishi na mama yake kipofu. Baina ya nyua zao palikuwa na kilango cha kupitia wanawake, na kwa miaka kumi na mmoja hakikuwahi kutiwa komeo.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, Safura alipika harisi, ngano iliyopondwa pamoja na nyama, akampelekea Lubna bakuli zima. Na desturi ya mji ule ilikuwa kama ya kwetu: chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Utatia tende tatu, utatia hata chumvi kidogo, lakini utatia. Kesho yake asubuhi Safura alilikuta bakuli lake kizingitini pa kile kilango. Tupu. Tena limesuguliwa likang'aa.

Subhanallah! Aliligeuza, akalitazama chini, utadhani tende zimejificha kwenye kitako. Nimemfanya nini? Labda harisi ilizidi chumvi. Labda juzi kisimani sikumwitikia salamu vizuri. Kufika adhuhuri alikuwa na hakika kwamba Lubna anamdharau. Kufika alasiri, kwamba anamchukia. Na kule kusugua? Hicho ni kinyaa, akasema moyoni, amesugua kama mtu anayeondoa najisi. Kisha akajirudi: Lubna huyuhuyu aliyenilea uzazi wangu wote? Lakini mbona hakuja mwenyewe? Hakujua ashike lipi. Aliposimama kuswali alisahau yuko rakaa ya ngapi.

Siku ile hakupeleka futari aliyozoea kuwapelekea kila Ramadhani. Wala ya pili yake, wala ya tatu. Na kwa kuwa Lubna naye hakutokea, Safura akasema, "Si nilijua!" Ilipotimia wiki akamwambia mumewe amwite mwashi Jumamosi, aje azibe kilango kwa matofali.

Mumewe, Muhsin, alikuwa shahidi wa kadhi. Kazi yake ilikuwa kuhudhuria mikataba na magomvi ya watu, kisha kusema alichokiona bila kuongeza wala kupunguza. Ukimuuliza kama jua limechomoza, atatoka nje kwanza akatazame.

"Tuzibe kwa nini?" akauliza.

"Lubna ananidharau."

"Umeona nini?"

"Nimeona dharau."

"Hilo kadhi halipokei. Kwa macho yako, umeona nini?"

"Bakuli tupu."

"Na nini tena?"

"Limesuguliwa sana."

"Na nini tena?"

Akaipekua wiki nzima kichwani mwake, hakupata kitu.

"Basi, binti wa ami yangu, shahidi wako anajua mambo mawili: bakuli ni tupu, na bakuli ni safi. Hayo ya dharau na kinyaa kayaleta nani?"

"Moyo wangu."

"Moyo wako ulikuwepo jikoni kwa Lubna?"

Akakasirika. Haki ya Mungu alikasirika, maana mtu akishaijenga hasira yake wiki nzima hapendi kuulizwa msingi uko wapi. "Sasa unamtetea yeye?"

"Simtetei. Naye sijamsikia." Akavaa viatu, akaenda zake msikitini.

Ijumaa baada ya swala, Safura alikwenda mpaka kwenye kilango, akarudi. Akaenda tena, mkono ukagoma kubisha. Na kama ni kweli ananichukia? Na kama mimi ndiye niliyemwanza? Kichwa kilimzunguka kwa njaa ya saumu na kwa mawazo. Mara ya tatu akasema "Bismillahi," akasukuma kabla moyo haujapata la kusema.

Lubna alikuwa uani, anatwanga kitu kinuni.

"Dada yangu," Safura alisema akiwa amesimama, "nimekudhania vibaya wiki nzima. Bakuli langu lilirudi tupu, nikasema umenidharau. Nimechoka kukuhukumu bila kukuuliza. Nimekukosea nini?"

Lubna akauweka mchi chini. "Mimi nilidhani umeelewa."

"Nimeelewa nini?"

Lubna akasogea kando. Safura akaona meko: jivu baridi, na paka amejikunja juu yake, amelala. Akaona ndani ya kinu: kokwa za tende, zile wanazopewa ngamia. Ndiyo iliyokuwa futari yao.

"Alfajiri yote nilikaa na bakuli lako," Lubna alisema, "nikitafuta cha kutia. Tende sina. Nikakumbuka chumvi, nikaenda kukung'uta kibuyu, nayo imekwisha. Nikasema, walau nilisugue sana, Safura aone kwamba nimeliheshimu. Nikaliacha kizingitini kwa haya. Ulipoacha kuleta, nikajua umeona hali yetu, ukaogopa tutakuzoea."

Safura akakaa palepale vumbini, akalia kwa sauti. Kutoka chumbani yule mama kipofu akaita, "Nani huyo? Ni Safura?"

"Ni mimi, mama."

"Alhamdulillahi! Nilimwambia Lubna, Safura hawezi kutuacha hivihivi, huyo lazima anaumwa. Kila swala nakuombea shifaa. Umepona, mwanangu?"

Safura akajifuta machozi.

"Leo ndiyo nimepona, mama."

Magharibi ile chungu kizima kilipita kwenye kilango. Jumamosi mwashi alipokuja na matofali yake, aliambiwa ang'oe ubao wa mlango, pabaki wazi.

Basi, ndugu zangu, dhana mbaya ikikujia, iulize kama Muhsin alivyouliza: uliona nini? Ikikosa jibu, nenda kamuulize mwenyewe. Na yule mama kipofu, pamoja na njaa yake, alipata la heri la kumdhania aliyeshiba. Mola atutengenezee nyoyo zetu. Humu ndani yumo mtu hajamtolea jirani yake salamu tangu mwezi wa Rajabu. Simtaji, anajijua.