Mtoto wa Sengondo Aitwe Nani?

Sogeeni niwatwishe kesi iliyonishinda, maana mimi kichwa kimeniuma vya kutosha.

Huku kwetu milimani wapo wanawake watatu. Nakijwa ana ubishi. Akisema hapana, hata ulie damu. Eliwaza wa maabara ya mkoa anazitambua kuvu kwa kuzitazama tu. Mwalimu Namkunda haachi kitu bila kukiandika.

Basi jirani yetu Kajiru, aliyeishi peke yake, alikutwa ghalani amekufa, shingo imevunjika. Kwa baridi yetu mwili haukuwa umeharibika sana, watu wakaamua: amekufa juzi. Na juzi hiyo ndipo kaka yangu Sengondo, waliyekuwa wakigombania naye mpaka wa shamba, aliporudi kutoka hospitali ya mjini, alikokaa wiki mbili na mkewe aliyejifungua. Akatiwa pingu.

Wazee wakaleta maji wamwoshe marehemu upesi, kama ilivyo desturi. Nakijwa akasimama mlangoni.

"Mwili una kuvu nyeupe na ya kijani. Haoshwi mtu hapa mpaka wataalamu waone!"

Wakamtukana, hakusogea.

Eliwaza akaja, akachukua kuvu ile, akaipima na kuiotesha maabara. "Naweza kusema ina siku ngapi," alisema, "ila lazima nijue baridi ilikuwaje. Penye baridi huota polepole."

Namkunda akaleta daftari. Miaka sita, kila asubuhi, anapima joto na wanafunzi wake, sisi tukimcheka. Hesabu zikapigwa: Kajiru alikuwa amekufa siku tisa au kumi kabla ya kukutwa. Siku hizo wauguzi walikuwa wakimwona Sengondo wodini. Ndipo polisi walipoiona ngazi iliyovunjika, iliyokuwa pale pale ghalani siku zote: Kajiru alianguka tu! Kaka akaachiwa.

Furaha ikamponza. Akatangaza, "Binti yangu ataitwa jina la aliyeniokoa!" Na katika ukoo wetu anayetoa jina ni shangazi, yaani mimi, na jina ni moja tu.

"Bila mimi wangeiosha," anasema Nakijwa.

"Ungeitazama tu, ungejua nini?" anajibu Eliwaza.

"Na wewe bila daftari langu ungebahatisha," anasema Namkunda.

Miezi mitano sasa! Hawasalimiani, na mtoto tunamwita Huyu. Jana nilisema "Huyu", akageuka akanichekea. Amezoea! Nililia kwa hasira.

Jumapili anabatizwa. Haya, nyinyi hodari wa kuhukumu: mchungaji akiniuliza jina, nitaje la nani?