Nusu ya Uso wa Mwamvita

Sogeeni karibu, na mwenye kikopo cha mafuta mkobani akifunike kwanza, asije akajipaka huku anasikiliza. Mimi kazi yangu ni kusimulia tu. Kuamua nawaachia ninyi, na nawaonya mapema kwamba mtagombana.

Kiomboi, mkoani Singida, palikuwa na wanawake watatu waliofanya kazi katika saluni moja karibu na stendi, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Zaituni alijaliwa pua. Mpe kopo lolote, atalinusa mara moja na kukutajia kilichomo: hii nazi, hii ndimu, na hii hapa wameitia kukuzuga tu. Kwao ni ukoo wa wakamuaji mafuta, na mama yake alimfundisha mbegu za mti mmoja ambao mtu wa nje haonyeshwi. Msiniulize ni mti gani. Hata mimi nilinyimwa.

Skolastika alijaliwa mkono wa moto. Kabla ya kuanza kusuka nywele alikaanga vitumbua miaka kumi na miwili, na joto la mafuta alilijua kwa kupitisha kiganja juu ya sufuria. Akisema "Bado," ni bado kweli. Akisema "Epua!" nawe ukazubaa, shauri yako.

Na Mwamvita? Mwamvita alijaliwa ngozi isiyojua kunyamaza. Tangu utotoni sabuni mpya ilimwasha, poda ya kuazima ilimtoa vipele, na akilalia foronya ya ugenini aliamka na shavu jekundu. Mama yake alisikitika sana, akidhani binti huyu hatapambwa maisha yake yote. Kumbe pale saluni ngozi ile ndiyo ilikuwa mali. Kila losheni, kila poda, kila rangi ya midomo iliyoletwa na wachuuzi ilipita kwanza kwenye mkono wa Mwamvita. Asubuhi anapakwa, adhuhuri anatazamwa, na ikiwasha mchuuzi anafungashiwa vitu vyake. Wenzake walimwonea huruma, lakini yeye mwenyewe alipenda. Alipenda ule muda wa kungoja, kutaka kujua leo ngozi itasemaje.

Basi mwaka mmoja kipupwe kikaja na hasira. Wenye kuujua upepo wa Singida mnanielewa. Midomo ilipasuka, mashavu yakachanika, na poda ikipakwa iliingia kwenye nyufa ikakaa humo. Wateja walinunua mafuta ya kila rangi, lakini hata saa mbili hazipiti uso umekauka tena.

"Jamani," Zaituni akasema siku moja baada ya kufunga mlango, "kwetu kuna mafuta."

"Yapi hayo?" akauliza Mwamvita, macho yamemtoka.

"Ya kwetu. Na mama akijua nimeyatoa nje, nimekwisha."

Akaleta mbegu kwenye mfuko wa unga. Mama yake alijua. Mji wenyewe mdogo ule, utaficha nini? Tangu siku hiyo Zaituni akibisha hodi kwao, wanaoitikia ni wadogo zake. Mama anaendelea kuchambua mchele kana kwamba hakuna mtu aliyeingia.

Mbegu zikakamuliwa, ikabaki kazi ya kuyafanya yale mafuta yakae usoni, maana yenyewe yalitiririka hadi shingoni. Hapo ikawa zamu ya Skolastika. Alitafuta nta ya nyuki, akatafuta alizeti, akainama juu ya jiko nyuma ya saluni. Chungu cha kwanza kiligeuka mshumaa. Cha pili kikanuka mafuta ya kukaangia. Aliwaza nta usingizini, akaamka anawaza nta. Miezi miwili kiti chake cha kusukia kilikaa kitupu, na wateja wake, wengine aliowasuka tangu wasichana, wakahamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Mpaka leo wanampungia mkono kutoka huko.

Sasa, mafuta hayajaribiwi mkononi peke yake. Mkono haupigwi upepo kama uso. Tena Mwamvita alikuwa na wasiwasi mwingine.

"Nikipaka uso mzima nikapona, tutajuaje ni mafuta? Labda ni upepo umepungua. Nipakeni upande mmoja."

"We Mwamvita! Utembee nusu nusu?"

"Nusu nusu. Kushoto mafuta, kulia hakuna kitu."

Wakamchora mstari wa wanja, kutoka katikati ya paji la uso, ukashuka puani hadi kidevuni, ili mkono wa mpakaji usivuke mpaka. Mafuta yakishapakwa, wanja unafutwa. Huo ndio ukawa utaratibu wa kila asubuhi. Mjini wakaanza kumwita Bi Nusu, naye akawa anaitika.

Makopo mawili ya mwanzo hayakumfaa wala kumdhuru; la tatu likamuunguza. Ilikuwa mchana, mnadani, akahisi kama kapigwa na kaa la moto chini ya jicho la kushoto. Akanawa, akanawa tena, wapi! Likabaki baka jeupe ukubwa wa punje ya maharage, na baka hilo liko hapo hadi leo. Zaituni alilia. Skolastika alimwaga sufuria yote jalalani, akasema hagusi tena moto.

Mwamvita alikaa ndani siku tatu akijitazama kwenye kioo. Aliumia, nisiwafiche. Alikuwa mwanamke mzuri na alijijua hivyo. Lakini kila alipojitazama alijikuta anauliza: kilichoniunguza ni mbegu nyingi, au ni moto mwingi? Na wakipunguza kidogo, je? Siku ya nne akarudi saluni, akaketi, akafumba macho.

"Shavu bado lipo," akasema. "Pikeni."

Wakapika la nne, la tano, la sita. Kopo la saba ndilo lililofanya mambo. Mashahidi wangapi mnataka? Mimi nawapa mmoja, mumewe, Bwana Swedi. Swedi aliapa kwamba haoni tofauti yoyote na kwamba wanawake hawa wanapoteza muda. Miaka tisa alikuwa akila chakula ameketi kulia kwa mkewe. Jioni moja Mwamvita anapakua ugali, anamwona bwana ananyanyua kigoda chake, anazunguka, anakitua upande wa kushoto.

"Vipi tena?" akamuuliza.

"Huku kuna nafasi," akajibu Swedi, akanawa mikono.

Kesho yake saluni nzima ilicheka mpaka wateja wakaogopa.

Habari zikamfikia Mama Fausta, mwenye duka kubwa la vipodozi Singida mjini. Akaja mwenyewe, akamshika Mwamvita kidevu, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto. "Nayachukua," akasema. "Nitayafikisha hadi Dodoma. Niambieni tu jina la kuandika kwenye kifuniko."

"Mafuta ya Umoja," akasema Skolastika.

"Hapana, mwanangu. Kila kikundi nchi hii kinaitwa Umoja. Nataka jina la mtu. Mmoja, aliye hai, mwenye mlango unaogongwa. Mteja akiyapenda aseme nipe ya fulani. Na mtoto wa watu akitoka vipele, wajue pa kwenda kupigia kelele."

Wakajaribu kuunga majina yao matatu, ikatoka Zaskomwa.

"Hiyo ni dawa ya minyoo," Mama Fausta akasema. "Nikirudi Alhamisi ya wiki ijayo nikute jina." Akaondoka zake.

Jamani, watu waliokula sahani moja miaka yote ile, siku hiyo walikaa kila mtu na kiti chake.

"Bila mbegu zangu mngepika nini?" Zaituni akaanza. "Mama yangu hanisemeshi kwa ajili ya kopo hili. Basi angalau alione jina la mwanawe, ajue sikuyauza, niliyatukuza."

"Mbegu zilikuwepo tangu enzi za bibi yako," Skolastika akasema, "na hazikuwahi kuvuka uwanja wenu. Nani alizifanya zikae usoni? Wateja wangu wamekwenda. Mwanamke wa miaka yangu anaanzaje tena? Hilo jina ndilo kiti changu."

Mwamvita alikuwa akifuta kioo kilichokwisha kufutwa. Moyoni alikuwa na hasira, na alijionea aibu kwa hasira hiyo.

"Mwenzetu, na wewe sema," Zaituni akamwambia. "Ila kumbuka neno la Mama Fausta. Jina lile ni la lawama pia. Watu watakuja mlangoni na vipele vyao."

Mwamvita akagusa lile baka chini ya jicho.

"Vipele?" akasema. "Mimi vya kwangu nilishavitoa."

Kisha Skolastika akasema polepole, bila ugomvi, "Ni kweli. Lakini siku ile uliporudi, Mwamvita, wewe ulifumba macho. Mimi niliyaacha wazi, nikapika huku nakutazama, nikijua nikikosea tena nakuharibu. Hilo nalo usilisahau."

"Na mbegu nilizipima mimi," Zaituni akanong'ona. "Punje kwa punje, nikirudia mara tatu."

Wakafika hapo, wakakwama. Zaituni kazifungia mbegu sandukuni mpaka jina lijulikane. Skolastika hawashi jiko. Na Mwamvita kasema hapeleki uso wake mnadani kuonyesha watu, na watu wa Kiomboi hawanunui wasichokiona.

Kopo la saba limebaki na mafuta ya kukwangua, yanatosha shavu moja, siku moja. Leo asubuhi Mwamvita alilifungua mbele ya kioo. Kushoto kunang'aa, kuna baka. Kulia hakuna baka, kumechanika, na upepo umeanza tena. Miezi yote hii alikuwa akiingoja siku ya kupaka pande zote mbili. Alichovya kidole, akakipeleka kulia, akakirudisha kushoto, mwishowe akakifuta pembeni mwa kopo na kulifunika. Kesho ndiyo Alhamisi.

Haya, nimemaliza yangu. Mwenye mbegu, mwenye moto, mwenye uso: kifuniko ni kidogo, na nafasi ni ya jina moja tu. Wewe uliyekaa hapo mbele unatikisa kichwa, kalamu ni hii, shika. Ungeandika jina la nani? Andika haraka basi, maana mwenzetu bado ni nusu.