Maneno Sita kwa Mkwe, Sita kwa Mkamwana

Hapo zamani, nami sisemi zamani za wanyama kuzungumza, nasema zamani za juzi tu, simu zikiwa tayari mifukoni mwa watu na akili zikiwa zimesahauliwa nyumbani, palikuwa na mtu huko Tukuyu akiitwa Ambwene. Sogeeni. Anayetaka kusinzia aondoke sasa, maana mwishoni nitauliza swali, na sitaki kuambiwa "sikusikia."

Ambwene alikuwa bingwa wa kubebesha miche ya parachichi, yaani kuunganisha kikonyo cha mti bora kwenye mche mwingine. Alijirekodi akifundisha kazi hiyo, na watu wa nchi za mbali wakamlipa kwa sarafu za mtandaoni, hizo mnazoziita kripto. Hazishikiki, wala hazilii mfukoni. Zinakaa kwenye pochi iliyo ndani ya simu, na pochi hiyo ina milango miwili. Mlango wa mbele unafunguliwa kwa namba ya siri. Mlango wa nyuma unafunguliwa kwa maneno kumi na mawili, si kumi na moja, si kumi na matatu. Simu ikipotea, mwenye maneno kumi na mawili kwa mpangilio wake anaifungua pochi kwenye simu nyingine, na mali yake anaikuta. Lakini mtu mwingine akiyapata, mali ni yake huyo. Hakuna benki ya kulalamikia, hakuna meneja wa kumlilia.

Aliyemfundisha haya ni rafiki yake Lusajo, fundi simu wa sokoni. Lusajo alimwambia, "Maneno haya usiyapige picha. Usiyaweke kwenye simu. Usimtajie mtu, hata akijiita mhudumu wa kampuni. Andika kwenye karatasi nakala mbili, zifiche mahali pawili."

Ambwene akasikia, kisha akaongeza akili yake. Na hiyo akili ya kuongezea, jamani, ndiyo inayotumaliza! Aliandika karatasi moja tu, akaikata katikati. Maneno sita ya kwanza akampa baba yake, Mzee Asangalwisye. Maneno sita ya mwisho akampa mkewe, Tumpale. Yeye mwenyewe hakubaki na hata neno moja, kwa kuwa alijijua: akinywa mbili tatu, ulimi wake haukuwa na kufuli.

Kwa nini hao wawili? Hapo ndipo alipojiona mjanja. Katika ukoo ule mkamwana hamtazami baba mkwe. Akimwona anakuja anaacha njia na kuingia migombani. Hamsemeshi, na jina lake halitamki. Miaka kumi na moja Tumpale alimpelekea mzee chakula kila siku, akakiweka barazani, akagonga kifuniko cha sufuria mara mbili, akatimua mbio. Uso wa mwenzake hakuna aliyeujua, wala sauti.

"Mwizi gani atawakutanisha hawa wawili?" Ambwene alimwambia Lusajo kilabuni, wanywaji wengine wakisikia, akicheka mpaka machozi. "Hata mimi nimeshindwa!"

Kisha akawaapisha, kila mmoja kwa wakati wake: "Nusu yako usimpe mtu ila mwenye nusu ya pili, mkono kwa mkono. Hata nikija mimi mwenyewe, usinipe. Huenda nyuma yangu kuna mtu ameshika panga." Mzee akaapa. Tumpale akaapa.

Alhamisi moja, mvua ikinyesha kama kawaida ya Tukuyu, tawi la mparachichi lilikatika na Ambwene akaja nalo chini. Mfupa wa paja ulitoboa ngozi. Watu wakakusanyika, huyu anashika kichwa, huyu anashika miguu, na katika purukushani ile simu yake ikachukuliwa na mtu asiyejulikana.

Hospitalini alikuwapo daktari wa mifupa, mgeni aliyekuja kwa siku moja tu. Akamtazama Ambwene, akamgeukia Tumpale aliyekuwa pembeni ya kitanda.

"Mama, mguu huu naweza kuuokoa kwa vyuma. Vyuma viko duka la vifaa, vinalipiwa kwanza. Mimi naondoka jioni, kwa hiyo saa kumi niwe nimevipata. Nikiondoka bila kumfunga vyuma, watakaobaki watalazimika kuukata."

Ilikuwa saa saba.

Ambwene akamwita Lusajo, aliyekuwa amefika mbio kutoka sokoni. "Pesa ipo. Imo kwenye pochi."

"Na simu imeibwa! Namba yako ya siri ni ipi?"

"Mwaka niliooa."

Lusajo akashika kichwa. "Mwizi ataupata huo. Pochi humfungia anayekosea, kisha humwacha ajaribu tena. Anahesabu miaka tu sasa hivi. Shemeji, panda pikipiki!"

Wakapitia nyumbani, Tumpale akachomoa nusu yake chini ya debe la unga. Wakapandisha mlima kwa mzee. Pikipiki ikateleza, wakaanguka, wakainuka. Saa nane. Walipofika uani Tumpale akajificha nyuma ya migomba kama desturi ilivyomtaka, na Lusajo akaenda barazani peke yake.

"Shikamoo mzee. Ambwene amevunjika mguu. Tunahitaji yale maneno."

Mzee Asangalwisye hakuitikia salamu. Alikuwa ameshika panga.

"Wewe ni wa pili leo," akasema. "Saa moja iliyopita simu yangu imeita, jina limetokea Ambwene. Mtu analia, ananiita baba, anasema ameumia, nimtajie maneno. Nikamuuliza mama yake alizikwa upande gani wa nyumba. Akakata simu. Sasa unakuja wewe na hadithi ileile."

"Mzee, huyo ni mwizi! Mimi ni Lusajo, unanijua!"

"Nakujua. Nilichoapa nacho nakijua. Nitampa mwenye nusu ya pili, mkono kwa mkono."

"Yupo! Yuko nyuma ya migomba pale!"

Mvua ikazidi. Mzee akatazama migombani, akainamisha macho haraka kama mtu aliyechungulia bafuni kwa bahati mbaya.

"Hata mwizi anaweza kuja na mwanamke," akasema. "Uso wa mkamwana wangu siujui. Sauti yake siijui. Nitamtambuaje?"

Mnaona jinsi heshima ilivyogeuka ukuta? Lusajo akaangalia saa: nane na nusu. Akamsihi mzee, mzee hapana. Akampigia magoti kwenye tope, mzee hapana. Mimi ningekuwapo ningemnyang'anya, lakini panga lilikuwa mkononi mwake, na mimi si shujaa kiasi hicho.

Ndipo Tumpale akatoka migombani. Akatembea uani, kichwa wazi, khanga imelowa chapachapa, akasimama hatua tatu kutoka kwa baba mkwe wake. Jirani aliyekuwa akichuma mboga alidondosha ungo.

"Baba," akasema kwa aibu, "ni mimi. Mume wangu anakatwa mguu."

Mzee hakumtazama usoni. Alitazama chini. Halafu akasema neno ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Geuka. Kimbia."

"Baba?"

"Miaka kumi na moja nimeuona mgongo wako tu ukinikimbia. Mgongo ndio ninaoujua. Kimbia, mwanangu!"

Tumpale akageuka, akakimbia. Mkono wa kushoto ukakamata khanga kiunoni, bega la kulia likainama, kisigino kikirusha tope. Alipofika kwenye migomba mzee akapiga ukelele: "Ndiye! Rudi, ndiye!" Akachana pindo la koti lake kwa panga, akatoa karatasi iliyokunjwa, na Tumpale aliporudi akihema akaiweka kwenye kiganja chake. Mkono kwa mkono. Kisha akageukia ukuta na kuficha uso, mzee wa watu.

Saa tisa kasorobo. Wakaingia kibandani kukwepa mvua. Lusajo akampa Tumpale simu yake, akampa mgongo ili asione. Tumpale akaandika neno la kwanza, la pili, la tatu. Vidole vimelowa, herufi zinaruka. Akakosea. Akaanza upya. Akakosea tena.

"Shemeji," akasema, huku akilia. "Shika. Andika wewe."

Akampa karatasi zote mbili. Sasa simu ni ya Lusajo, maneno yote kumi na mawili yako mkononi mwa Lusajo, na mwenye mali yuko kitandani hajui chochote. Na huyo Lusajo, ili msidhani ni malaika, kibanda chake cha sokoni kilikuwa kimefungwa na mwenye nyumba tangu Jumatatu kwa kodi ya miezi mitano.

Akaandika. Pochi ikafunguka. Mali yote ilikuwapo. Macho yake yakakaa pale kwa muda ambao Tumpale aliuona mrefu mno.

"Lazima tuhamishie pochi mpya yenye maneno mapya," Lusajo akasema, "maana hii mwizi yuko mlangoni. Natuma kidogo kwanza, nione kama kinafika."

"Kidogo cha nini? Muda hatuna! Unazipeleka wapi?"

"Anwani ikikosewa hata herufi moja, hazirudi milele. Vumilia."

Kidogo kikaenda. Dakika moja. Dakika ya pili. Tumpale alikuwa amekamata kola ya shati lake na hakuiachia. Kikafika. Lusajo akatuma zilizobaki, isipokuwa makombo tu, nazo zikafika. Hata hawajapumua, makombo yaliyokuwa yamesalia kwenye pochi ya zamani yakatoweka mbele ya macho yao. Mwizi alikuwa ameupata mwaka wa ndoa.

Lusajo akauza sarafu za kutosha kununua vyuma kwa mnunuzi anayemwamini, wakateremka mlima, na shilingi zikalipwa dukani saa tisa na dakika arobaini. Akayaandika maneno mapya kwenye karatasi mbili, akampa Tumpale zote, akaifuta pochi kwenye simu yake huku akimwonyesha. Saa kumi kasoro dakika tano vyuma vilikuwa mezani kwa daktari. Mguu ukaokolewa.

Siku ya nne Ambwene akawaita wote watatu wodini. Mzee akaketi ametazama dirisha. Tumpale akasimama nyuma ya pazia la kitanda, kwa kuwa desturi ilikuwa imewarudia wote wawili. Lusajo akaketi katikati.

Ambwene akasema, "Karatasi moja nitaificha mwenyewe. Hii ya pili nataka mlinzi mmoja. Sikati tena kitu katikati. Huyo mlinzi nampa na kitalu changu cha miche kiwe chake."

Mzee akaliambia dirisha, "Mwizi alipiga kwa simu yako na kuniita baba. Ningetaja, hao wengine wangeokoa nini? Mlinzi ni yule asiyetoa hata akililiwa."

"Hata mimi nilikulilia, mzee," Lusajo akasema, "ukapoteza nusu saa ya mguu wa mwanao. Mimi nilishika kila kitu peke yangu, nikiwa na njaa, nikakirudisha chote. Ninyi mmelinda nusu nusu, tena kwa kuwa nusu hainunui kitu."

Pazia likatikisika. "Umerudisha karatasi, shemeji," Tumpale akasema. "Kichwani mwako kimebaki nini, nani ajuaye? Tena ulimfundisha mume wangu mlango wa nyuma, ukasahau kumuuliza ameweka namba gani mlango wa mbele. Ninyi wawili mlikuwa na viapo na ufundi. Mimi nilikuwa na aibu tu, nikaitoa. Leo kisimani wanawake wananipisha kama mwenye ukoma."

"Nawe ndiye uliyempa mtu wa nje nusu zote mbili," mzee akaliambia tena dirisha. "Uliapa nini?"

Mkono ukatokea nyuma ya pazia.

Ambwene ameinyoosha karatasi, na mikono mitatu imenyooshwa: mmoja kutoka dirishani, mmoja kutoka kwenye kiti, mmoja kutoka nyuma ya pazia. Kiganja chake kinatoka jasho na wino umeanza kuloa. Je, ninyi mnaonitazama, maneno yale yangekuwa yenu na mguu ni wenu, nani alistahili?