Miguu ya Fundi Alawi

Anayetaka kulimaliza gogo kwa pigo moja la shoka huambulia mpini uliovunjika na viganja vilivyojaa malengelenge. Anayebandua kibanzi leo na kibanzi kesho huamka asubuhi moja akakuta kuni zimejaa uani, asijue hata gogo lenyewe lilikwisha lini. Jambo hilo lilimkuta Alawi, fundi cherehani wa mjini Mbeya, mwaka wa hamsini na tano, naye hakulisadiki mpaka lilipomwingia kwa nyayo.

Alawi alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, mwepesi wa mkono kwenye kitambaa na mzito kwa kila kitu kingine. Baba yake alitoka Kilwa kufuata biashara, akawalea wanawe wawili Iringa. Zubery, mkubwa, akabaki huko huko, na Alawi akahamia Mbeya na cherehani yake. Kazi yake ilikuwa ya kukaa, na kula kwake hakukuwa kwa kubahatisha: alfajiri chapati nne za samli, saa nne vitumbua, mchana sinia la wali wa Usangu. Tumbo likawa linatangulia, mwenyewe anafuata. Sindano ikimdondoka, humwita mpita njia amwokotee. Vifungo vya koti lake vilifyatuka kama risasi za gobore. Kutoka nyumbani mpaka msikitini palikuwa na mwinuko mdogo tu, lakini aliupumzikia mara tatu, na kila akisimama, Liberatus fundi viatu, jirani yake wa barazani, alikuwa na neno.

"Fundi, lori limechemsha? Nilete debe la maji?"

Alawi alicheka pamoja na wenzake. Mtu mnene hujifunza kucheka mapema.

Lakini mwezi wa Julai mwaka ule kicheko kilimkauka. Kaka yake Zubery alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, akaacha mjane, Waridi, na mabinti wawili, Salha na Bibie. Siku ya mwisho alimshika Alawi mkono akamwambia, "Wanangu uwaoze wewe. Mkono wako mwenyewe, si wa mtu mwingine." Alawi akaapa. Basi Salha alipopata mchumba, Alawi alipanda lori kwenda Iringa, akateremshwa Ipogolo, chini kabisa ya kilima ambacho mji umekaa juu yake. Akaanza kupanda. Hakufika hata nusu. Miguu ilitetemeka, macho yakaona vimulimuli, kifua kikapiga kama ngoma ya mdundiko. Akakaa juu ya jiwe, jasho linamchuruzika, na huko juu shehe anangoja, bwana harusi anangoja, wali umeshapoa. Mwishowe alimtuma mpita njia apeleke ujumbe kwamba amemweka jirani mmoja kuwa wakala aozeshe badala yake. Alipofika kwa kujikongoja, Salha alikuwa mke wa mtu tangu saa nzima. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Aliporudi Mbeya alimwambia mkewe, Zuena, "Kesho napanda Loleza."

Zuena aliutazama mlima ule unaouinamia mji, kilele chake kimejifunika ukungu, kisha akamtazama mumewe. "Loleza upi? Wewe kwenda bombani tu unarudi unahema."

"Utaona!"

Kulipopambazuka alitoka, kanzu ameikunja kiunoni, vitumbua sita mfukoni, anakwenda mbio kama askari wa gwaride. Mbwa wa mtaa mzima wakamfuata. Alivuka daraja kwa mbio, akazishika njia za mashamba kwa mbio, na alipofika kwenye msitu wa mikaratusi, magoti yakagoma. Alitapika, dunia ikamzunguka, akalala chali katikati ya njia.

Aliyemkuta pale ni Saulo, Msafwa mkulima wa viazi, mtu mwembamba kama ufito, aliyekuwa akiteremka na tenga kichwani kwenda sokoni. Saulo alidhani amekuta maiti. Alitua tenga, akavua kofia, akaanza kusali. Maiti ikaomba maji.

"Bwana, nani alikuwa anakufukuza?" Saulo aliuliza.

"Hakuna. Nafanya mazoezi."

"Ya kufa?"

Saulo alimkokota mpaka nyumbani. Kwa siku tisa Alawi hakuweza kuchuchumaa wala kupanda kitanda bila kushikwa. Siku ya kumi alirudi barazani, akaagiza vitumbua vyake, akajisemea kwamba kila mtu na mwili wake. Mlima aachiwe Saulo.

Jioni ile ile Saulo akaja na suruali iliyochanika goti. Alipoona sahani ya vitumbua alicheka sana.

"Umeacha?"

"Nimeacha. Mlima ule si wangu."

"Kwani ulikuwa unakimbilia nini? Mlima umekaa pale pale tangu Mungu auumbe. Sikiliza, mimi kila siku napita hapa nikirudi. Leo nisindikize mpaka darajani tu. Ukitaka kuvuka, nakurudisha kwa fimbo."

Darajani palikuwa karibu kiasi kwamba Alawi aliona aibu kukataa. Alimsindikiza, akarudi hajatoka hata jasho. Kesho yake akamsindikiza tena. Wiki ya pili Saulo alimruhusu kuvuka daraja mpaka kwenye shamba la kwanza la mahindi. Wiki ya tatu mpaka penye kichuguu. Kila Jumatatu waliongeza kipande kidogo, kama fundi anavyoachia upindo wa gauni la mtoto anayekua.

Kilichomshangaza Alawi ni kwamba njia ilikuwa fupi kwa sababu ya malalamiko. Saulo alikuwa na kero nyingi kuliko viazi. Alilalamikia nguruwe pori wanaofukua matuta, wanunuzi wanaobonyeza viazi kwa kucha kisha wasinunue, na mhubiri wao ambaye kila Jumapili husema "neno la mwisho" halafu akaendelea mpaka watoto wasinzie. Alawi naye akalalamikia wateja wanaoleta vitambaa vya shati moja wakataka mawili, uzi unaokatika, na Liberatus, hasa Liberatus. Wakipandisha huku wakigombana na dunia nzima, mara walijikuta wamekipita kichuguu bila kukiona.

Nyumbani, chapati nne zikawa tatu, kisha mbili. Vitumbua vya saa nne vikabaki vya Ijumaa peke yake. Mwezi wa Oktoba Alawi aliivua suruali yake, akaitia chini ya mashine, akapunguza kiuno kwa upana wa kidole. Zuena alisimama mlangoni akimtazama.

"Ya nani hiyo unaipunguza?"

"Ya mteja mmoja," alijibu Alawi, uso wake wote ukicheka.

Mvua zilipoanza, njia ikawa utelezi mtupu. Alawi alianguka, akachafuka, akanyeshewa, na Januari ilipofika ndipo waliposimama kwenye ile mikaratusi, mahali alipoanguka siku ile ya kwanza. Badala ya kufurahi, alikasirika. Alitupa fimbo yake kichakani.

"Miezi mitano, Saulo! Miezi mitano kufika mahali nilipofika kwa asubuhi moja! Huu ni upuuzi!"

Saulo aliifuata fimbo kichakani, akaipangusa tope, akamrudishia. "Siku ile ulifika maiti," alisema. "Leo umefika, na bado una nguvu za kugombana."

Alawi aliweka kiganja kifuani. Akajisikiliza. Kweli, kifua chake kilikuwa kimetulia. Magoti yalikuwa yamesimama imara kama nguzo za mlango. Alianza kucheka, safari hii hakucheka ili kuwafurahisha wengine.

Barua ya Waridi ilifika mwezi wa Machi. Bibie amechumbiwa, harusi ni baada ya Idi, mwanzoni mwa Juni. Mwisho wa barua aliandika kwa adabu: "Shemeji, watu wa bwana harusi wanaondoka siku hiyo hiyo na basi la mchana kwenda Dodoma, hawawezi kungoja. Kama inafaa, andika wakala mapema ili usijisumbue na kilima chetu." Alawi aliisoma mara tatu. Akajibu kwa mstari mmoja: "Nitakuja, na nitamwoza mwenyewe."

Ijumaa ya pili baada ya Idi aliifunga mashine yake mapema, akaenda na Saulo moja kwa moja. Mikaratusi waliipita wakizungumza. Mashamba ya viazi waliyapita. Miti ikaisha, zikabaki nyasi na upepo wa baridi unaokata masikio, na mteremko ukasimama wima kama ukuta. Hapo hawakusema tena. Alawi alihesabu hatua ishirini, akapumua, akahesabu nyingine ishirini. Halafu ghafla hapakuwa na mahali pengine pa kupanda! Mbingu ilikuwa pande zote. Chini, mabati ya Mbeya yalimeta kama vipande vya kioo. Kusini mlima Rungwe ulikaa katika mawingu yake. Upande wa mawio uwanda wa Usangu ulinyooka mpaka jicho likachoka. Alawi aliruka. Mtu mzima, mwenye mvi kidevuni, aliruka juu mara mbili kama mwanakondoo, kisha akaweka viganja mdomoni akaliita jina la kaka yake kwa nguvu zake zote.

"Zubery! Zubeeery!"

Saulo akasogea kando yake. Alivua kofia tu.

Siku ya safari, Alawi na Zuena walipanda lori la mizigo siku mbili kabla ya harusi ili wasichelewe. Lakini barabara nayo ina yake. Walilala Makambako kwa pancha, wakalala tena njiani kwa sababu ya injini, na asubuhi ya harusi, kijiji cha Tanangozi wameshakipita, ekseli ikakatika kwa kishindo. Dereva aliingia uvunguni, akatoka akitikisa kichwa.

"Mpaka mtu aende mjini arudi na nyingine, ni jioni."

Ilikuwa saa mbili. Iringa ilikuwa mbali maili kumi, kisha kilima. Ndoa ilikuwa saa sita, na barabara nzima haikuwa na gari jingine hata la dawa. Alawi alimtazama mkewe. Zuena alikuwa amekwisha kumfungia kanzu yake mpya kwenye kitambaa.

"Unangoja nini?" alisema. "Nenda! Mizigo nitakaa nayo mimi."

Alawi akaenda. Hakukimbia, alikwisha kufunzwa na mikaratusi. Alishika mwendo wake wa jioni na Saulo, mwendo wa mtu anayelalamika, na peke yake akailalamikia ile ekseli, dereva, pancha na vumbi, maili moja baada ya nyingine. Saa nne na robo alikuwa amezipita saba. Jua likawa kali. Kisigino kikachubuka. Ipogolo alifika saa tano na dakika ishirini kwa saa ya duka moja, akanywa kata ya maji, akainua macho. Kilima kilikuwa pale pale.

Aliinamisha kichwa akakianza. Hatua ishirini, pumzi. Hatua ishirini, pumzi. Katikati ya kilima alilipita kundi la akina mama wa Kihehe waliobeba vyungu, na mmoja akamsalimu kwa mshangao.

"Kamwene, baba! Nani anakufukuza?"

"Kamwene, mama! Naozesha binti!"

Wakampigia vigelegele mpaka alipopotea kwenye kona, na vigelegele vile vikamsukuma kama mkono mgongoni.

Katika nyumba ya Waridi, shehe alikuwa ameshavaa miwani. Jirani yule yule wa mwaka jana alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya bwana harusi, amenyoosha mkono. Bibie, nyuma ya pazia, alikuwa analia kimya kimya, na wanawake wanamwambia asiharibu wanja. Ndipo mlango ulipojaa mtu: vumbi kutoka ukosini mpaka nyusi, kanzu safi imevaliwa juu ya jasho.

"Asalaam alaykum," alisema Alawi. "Ndugu yangu jirani, ahsante sana. Inuka sasa, mkeka huo una mwenyewe."

Chumba kizima kikageuka. Sauti ya Bibie ikatoka nyuma ya pazia. "Ami? Ami amekuja? Lori limefika?"

"Lori limebaki njiani, mwanangu," alijibu Alawi. "Mimi nimekuja kwa miguu."

Waridi alijifunika uso kwa ukaya, akilia na kucheka. "Shemeji, nisamehe ile barua."

"Hukukosea. Ulimwandikia mtu wa mwaka jana."

Alikaa. Alimshika bwana harusi mkono wa kulia, akasubiri kidogo, watu wakidhani anatafuta pumzi. Pumzi alikuwa nazo. Alikuwa anamkumbuka kaka yake. Kisha akatamka, kwa sauti iliyonyooka, isiyokatika hata mahali pamoja, "Nimekuoza Bibie binti Zubery," na nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Na wote waliomwona pale kwenye mkeka, wakakumbuka jinsi alivyokuwa, kisha wakasikia kwake jinsi alivyoanza, kwa kumsindikiza mtu mpaka darajani, walikiri kwa midomo yao wenyewe kwamba bandu bandu huisha gogo.