Mwanamke Aliyekataa Kuandikwa Salama

Wewe unayenikunjia uso, ukunjue. Jambo likisemwa redioni unalimeza bila kutafuna, likija kwenye simu unawarushia wenzio kabla hujamaliza kulisoma. Lakini likisimuliwa la mja mwema wa zamani, ghafla umekuwa kadhi, unataka mashahidi wanne. Kaa usikilize.

Wamesimulia waliotutangulia kwamba palikuwa na mji, jina lake halikutufikia, uliokuwa chini ya liwali mmoja mpenda bustani. Liwali yule aliwachukua waume wa mji wakamchimbie mfereji wa kuleta maji bustanini kwake, mwendo wa siku mbili kutoka mjini. Aliwaambia ni kazi ya mwezi mmoja. Ikapita miaka mitatu.

Katika waliochukuliwa alikuwemo Sahli, mshona viatu, mume wa Bi Lubaba. Na Bi Lubaba alikuwa mcha Mungu, mfungaji wa saumu za sunna, ambaye hakuna aliyewahi kumshika na uongo. Sahli hakuwa mzuri wa sura, tena alikoroma. Lakini tangu aondoke, mkewe alilala upande mmoja tu wa kitanda, ule wa pili hakuthubutu kuugusa. Akisikia kikohozi njiani, mkono ulisimama juu ya jiwe la kusagia mpaka mwenye kikohozi apite.

Liwali alikuwa na mnadi wake, jina lake Jundubu. Kila Alhamisi asubuhi Jundubu alipita mlango kwa mlango: "Hamjambo humu?" Nawe wawajua watu wetu. Nyumba ya mtu inaungua, ukimwamkia atasema salama kwanza, ya moto yatafuata. Wanawake wakajibu, "Salama, alhamdulillah." Jundubu hakungoja yaliyofuata. Aliandika "salama", akaenda mlango wa pili, na adhuhuri akasimama sokoni akinadi: "Mji wote u salama!" Karatasi ile ikapelekwa kwa sultani. Basi kila mwanamke akajiona ni yeye peke yake mwenye huzuni katika mji wa wenye furaha, akaona haya, akanyamaza. Hata Bi Lubaba alijibu salama, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Kisha sultani akaingiwa na shaka. Mji gani huu, miaka mitatu hauna hata mwenye jino linalouma? Akamtuma mjumbe aje asikie kwa masikio yake. Liwali akaogopa, akamwita Bi Lubaba.

"Mama," akamwambia, "watu wanaliamini neno lako. Kesho mjumbe akikuuliza hali, mjibu kama unavyomjibu Jundubu. Neno moja tu. Nami nitamleta Sahli nyumbani kwako kabla ya Ijumaa nyingine."

"Na wengine?"

"Nimekuambia Sahli."

Alirudi nyumbani. Jirani yake Unaisa, ambaye mumewe naye alikuwa mferejini, alikuwa amekwisha kusikia, anamngoja kizingitini.

"Sema, shoga! Si ndilo neno lako la kila wiki?"

"Unaisa, wewe u salama?"

"Salama, alhamdulillah."

"Nimekuuliza kama mwenzio, sikukuuliza kama mnadi."

Unaisa akatazama huku na huku njiani. Kisha akasema, "Usingizi mzuri nimeusahau. Nilidhani ni mimi tu."

Bi Lubaba akaingia ndani, akaswali. Hakujifanya malaika mbele ya Mola wake. Alimwomba Sahli kwa jina lake na jina la baba yake. Akasema, "Ewe Mola, namtaka. Namtaka leo. Lakini usinirudishie kwa uongo."

Kesho yake barazani kwa liwali, mbele ya wanawake wa mji waliokusanywa, mjumbe akamwuliza, "Hali yako, mama?" Liwali alikuwa tayari anatabasamu.

"Mola wangu namshukuru," akasema Bi Lubaba, "na hilo ni baina yangu naye. Lakini wewe umetumwa na sultani, na kukujibu wewe ni ushahidi. Hali yangu mbaya. Mume wangu yu mferejini mwaka wa tatu, nami namtamani mpaka chakula hakipiti kooni."

Liwali akacheka. "Msamehe, ana pepo huyu. Mji mzima u salama, yeye peke yake analia."

"Basi na mimi ninalo hilo pepo," akasema Unaisa kutoka nyuma, akasimama. Akasimama na mwingine, na mwingine, mpaka barazani pakawa hakuna aliyeketi ila liwali na mjumbe.

Mjumbe akaandika amri, waume warudishwe. Wakarudi kwa makundi, siku tatu mfululizo, mji ukajaa vigelegele. Sahli hakuwemo. Wenzake walisema yu hai, amevunjika mguu, nao hawakuwa na mnyama wa kumbebea. Usiku ule Bi Lubaba hakulaumu mtu. Aliazima punda kwa Unaisa, amfuate mumewe.

Asubuhi Jundubu akapiga hodi, karatasi mkononi. "Hongera, Bi Lubaba! Niandike wote wamerudi?"

"Andika bado mmoja."

"Mama, mmoja tu! Watu wanasherehekea, wewe unatutia doa?"

"Andika, Jundubu. Bado mmoja."

Nasi tunaosikia, tusidhani kusubiri ni kusema salama. Waja wema walisubiri kwa Mola wao, na wakasema ukweli kwa viumbe. Furaha ya kunadiwa sokoni haijamponya mtu. Humnyamazisha tu mgonjwa. Shukrani mpe Mungu. Mtawala mpe habari.

Jundubu alisimama pale, kalamu hewani, akingoja mama wa watu alegee. Bi Lubaba hakungoja kuona ataandika nini. Alitwaa kamba na kiriba cha maji, akampita, akatoka, akaufunga mlango.