Kesi ya Tumbo la Zaina

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Haya. Pale kisimani wameapa watu kumi na mmoja, na hakuna aliyeitoa siri hii ila hao kumi na mmoja.

Palikuwa na sultani aliyepiga marufuku matumbo kunguruma. Ukame ulikuwa umemaliza mashamba, watoto wamebaki macho na mbavu, naye alikwisha kuwaandikia masultani wenzake kwamba kwake hakuna mtoto mwenye njaa. Sultani jirani hakusadiki. Akatuma mjumbe na ngamia arobaini wa mtama, akamwagiza: ukisikia tumbo moja likinguruma, kwa masikio yako mwenyewe, shusha mizigo. Usiposikia, rudi nayo.

Sultani huyo! Askari wakapita nyumba kwa nyumba wakiwafunga watoto mikanda ya ukindu matumboni, ikabanwa hasa. Mjumbe akazunguka mji siku tatu, kimya.

Sasa, Bi Mize mkuna nazi alikuwa na mjukuu, Zaina. Zaina alipokuwa akilia njaa, Bi Mize aliweza kuvumilia. Siku ya tatu mtoto aliacha kulia, na hapo bibi akaingiwa na hofu. Kesho yake asubuhi mjumbe anaaga barazani, Bi Mize huyo, mtoto begani.

"Bwana, nimekuja kushtaki. Tumbo la huyu lilinguruma jana."

"Njoo kesho," alisema Sultani.

"Si umetoka kumwambia mgeni kwamba kesi ikifunguliwa huinuki wala huli mpaka iishe?"

Kweli, alikuwa ametoka kujisifu hivyo hivyo. Akakaa. Na bwana yule alikuwa mtu wa kula mara nne kabla ya adhuhuri.

"Tumbo lilisema nini? Fupisha."

"Nikifupisha ni ushahidi pungufu, bwana, na ushahidi pungufu kwako ni viboko."

Basi akaeleza. Tumbo lilianza kwa kutaja samaki wa kupaka. Akasimulia tui linavyochujwa likawa zito, samaki anavyopakwa upande huu, anavyogeuzwa, anavyopakwa upande ule, mafuta yakidondokea makaa. Akaja kwenye mkate wa sinia. Adhuhuri ikapita. Sultani akawa anameza mate kama mtu anayekunywa dawa.

"Tumbo la kimaskini limemjulia wapi samaki wa kupaka?"

"Halimjui, bwana. Ndiyo maana linamtaja kwa heshima."

"Lina hatia! Lifungwe mkanda wa pili!"

"Na utetezi? Sheria yako inasema mshtakiwa asikilizwe. Tunyamaze basi, lijitetee."

Akamfungua Zaina mkanda. Baraza zima likanyamaza. Mjumbe akatega sikio.

Ukasikika mngurumo. Mrefu, mzito, kama kabati linaloburutwa chumba cha juu. Watu wakamtazama Zaina; Zaina alikuwa amesinzia. Wakafuata sauti, wakafika kwenye kiti cha enzi.

"Ni kiti," alisema Sultani.

Likanguruma tena. Safari hii Sultani alilishika tumbo kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, kama mwizi aliyekumbatia kuku wa jirani.

Bi Mize akaunyoosha mkanda wa mjukuu wake, akaulinganisha kwa macho na tumbo lile, akamgeukia mjumbe.

"Huu haumtoshi. Shusheni mtama, sisi tukatafute mwingine."