Tepe Kumi na Tatu

Grrr. Kitu kidogo kilibingirika sakafuni gizani, kikagonga mguu wa cherehani, kikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika saa moja jioni bila kupiga hodi, kama kawaida yake, ukamkuta fundi wa nguo amesimama katikati ya chumba na gauni la bibi harusi mikononi, amelibeba kama mtoto mchanga. Alipiga hatua moja tu. Gurudumu la gari la plastiki likamtelezesha, akaenda chini mzimamzima, na ncha ya gauni ikatumbukia katika kikombe cha chai.

"Mungu wangu! Nguo ya watu!"

Kwenye kochi, wifi yake alicheka kwanza, ndipo akauliza kama ameumia. Huyu alikuwa dada wa mumewe, aliyekuja kukaa wiki mbili ambazo sasa zilikuwa zinaelekea mwezi.

"Mimi nilishakwambia, wifi yangu. Hii si nyumba, ni jalala lenye mlango. Hayo mavitu ya Sindano utayatupa lini? Ukingoja mtoto akubali, utangoja mpaka aolewe."

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Wengi huitumia methali hii kumwonya msafiri asiyeijua njia. Lakini anayetaka kuujua uzito wake na asikilize kisa cha mama huyu, ambaye usiku wake wa giza haukuwa ule wa umeme kukatika, bali ulimkuta asubuhi kweupe, jua likiwaka.

Doa la chai lilitoka, ila kwa kusuguliwa mpaka vidole vikakunjamana kama zabibu kavu. Maneno ya wifi hayakutoka. Yalimkaa fundi moyoni kama mwiba wa samaki kooni. Basi siku ya gari la taka ilipofika, alimvalisha binti yake sare, akamsindikiza mpaka kona ya barabara, kisha akarudi na magunia matatu: la vitu vya kubaki, la vya kugawa na la vya kutupa.

Binti mwenyewe alikuwa na miaka minane. Sindano lilikuwa jina la utani, alilolipata kwa wembamba wake na kwa tabia ya kupenya kila mahali. Vitu vyake vilikuwa vimepenya pia: chini ya kitanda, nyuma ya cherehani, ndani ya sufuria la wageni.

"Sheria ni moja," wifi alitangaza, amekaa kitako kama hakimu, miguu juu ya kigoda. "Kizima kinabaki. Kibovu kinakwenda. Usikiangalie usoni, kitakutia huruma."

Kazi ikaenda kwa kasi. Vitabu vya picha, kubaki. Vyombo vya udongo vya kuchezea, kugawa. Kisha fundi alivuta boksi la sabuni lililofichwa chini ya kitanda, akalifungua, akaguna. Humo hamkuwa na kitu kizima hata kimoja. Kulikuwa na tembo ambaye pamba ilimtoka tumboni, gari lisilo na gurudumu, mdoli mwenye mkono mmoja, na sungura wa kitambaa aliyechakaa, sikio moja likining'inia kwa uzi.

"Haya sasa! Hospitali ya wasiopona," alisema wifi, nao wote wawili wakacheka.

Kila kimoja kilikuwa kimefungwa utepe. Hapo fundi aliacha kucheka. Hakuwa mtu wa kuandika majina ya wateja. Kama alivyofundishwa na mama yake mkubwa, alichana utepe, akaufunga kwenye kitambaa cha mteja, na kupiga mafundo: fundo moja ni nguo ya kukatwa, mawili ni ya kushonwa, matatu ni ya kupigwa pasi. Rangi ndiyo iliyomwambia mwenye nguo ni nani. Kwa miaka tisa alikuwa hajachanganya hata leso.

"Kumbe ndiko zinakoishia tepe zangu! Na mimi kila siku nalaumu panya."

Akaanza kuzifungua. Utepe wa bluu, mafundo mawili. Wa njano, fundo moja. Mkono wake ulisita kidogo, kwa sababu mafundo yale yalikuwa yamepigwa kwa mpango, si ovyo ovyo. "Watoto kwa kuiga," alijisemea, akaendelea. Tepe kumi na tatu zikatundikwa msumarini. Boksi likamiminwa katika gunia la tatu. Honi ya gari la taka ilipolia, alilikimbiza gunia nje mwenyewe, akalirusha, akarudi akijipangusa mikono kama mtu aliyelipa deni.

Nyumba iling'aa. Hata yeye alipita katikati ya chumba mara mbili bila sababu, kwa raha tu ya kupita.

Sindano alirudi saa nane. Alisimama mlangoni, akatazama sakafu, kisha akaingia moja kwa moja chini ya kitanda. Alitoka huko taratibu, na vumbi gotini.

"Mama, wateja wangu wako wapi?"

"Wateja gani tena, mama?"

"Wale niliowafunga tepe."

Fundi aligeuza macho kuelekea msumarini. Mtoto aliuona msumari. Alipanda kigoda, akazishusha tepe zote, akazipanga kitandani moja moja, huku akizisoma kama mtu asomaye barua.

"Hii ya mapacha wa mwalimu, gari lao lilikuwa linangoja gurudumu. Hii ya yule wa ghorofani, tembo, nimeshamsafisha. Hii ya mtoto wa kinyozi. Sungura. Mafundo mawili, leo ningemshona sikio. Alinipa kwa siku moja tu, mama. Halali bila yeye."

Wifi alijikohoza. "Usilie, mwanangu. Shangazi yako nitakununulia vingine, vizuri kuliko hivyo."

"Silii," alisema Sindano, na kweli hakuwa analia. "Na si vyangu, shangazi."

"Kwa nini hukuniambia?" mama yake aliuliza. Sauti ilitaka kuwa kali, ikashindwa njiani.

"Nilikwambia. Nilisema, mama, nimepata mteja. Ukasema, vizuri, sogea usikanyage kitambaa."

 Fundi alijitupia kanga mabegani, akatoka mbio mpaka uwanja wa taka nyuma ya soko. Kijana mwenye buti refu aliegemea reki yake, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Sungura, mama? Leo hapa yamemwaga magari kumi na moja. Hata ukipoteza ng'ombe humpati."

Alifukua hata hivyo, mpaka jua lilipoinama, akaambulia patupu. Tepe za wateja alikuwa nazo, mali yao hana. Lingekuwa gauni la mteja, angelipa, angeomba radhi, mambo yangekwisha. Lakini sungura aliyechakaa angemlipa kwa kipimo gani?

Jioni ile kinyozi alibisha hodi. Alikuwa mtu mpole anayemlea binti yake peke yake, na mtoto alikuwa mgongoni kwake, macho yamevimba.

"Samahani, mama Sindano. Tumemfuata sungura. Hata kama sikio bado, si neno."

Fundi alieleza. Alieleza vibaya, maneno yakigongana. Kinyozi alisema, "Basi, dada, bahati mbaya," kwa sauti iliyomchoma kuliko tusi. Kesho yake fundi alinunua sungura mpya, mweupe kama theluji ya kwenye picha, akampelekea. Mtoto alimnusa, akamrudisha. "Anasema huyu si yeye," kinyozi alifasiri, akitazama chini.

Habari ilienea kama moto wa nyikani. Wakati wa mapumziko shuleni wale mapacha walimwita Sindano mwizi, na wengine wakaitikia. Wifi alifungasha virago wiki hiyohiyo, akisema watoto wa siku hizi wanadekezwa. Aliacha kigoda chake mahali pale pale, lakini lawama hakuichukua hata kipande.

Fundi alijaribu kuparekebisha palipoharibika. Aliondoa majora ya vitambaa kwenye rafu ya chini, akaipangusa, akaweka kikopo cha vifungo, uzi wa rangi sita na mkasi mdogo. "Mwanangu, hii ni yako. Hakuna atakayeigusa, hata mimi." Sindano alisema ahsante, kwa adabu ileile anayowapa wageni. Rafu ilikaa wiki ya kwanza tupu, ikakaa ya pili.

Ndipo Jumamosi moja mtoto wa mpangaji mpya, ambaye hakujua lolote, alisimama mlangoni na mdoli aliyekatika mguu.

"Eti humu kuna anayetengeneza?"

 Fundi alisimamisha cherehani, akasogeza kiti, akaiangalia rafu kisha akamwangalia binti yake, na uso ukimwomba kile ambacho mdomo haukuthubutu. Sindano aliinuka. Alikwenda kwenye rafu, akachukua uzi, akachukua mkasi, akavitia mfukoni. Hapo mama alielewa kwamba asubuhi ile hakutupa boksi la vitu vibovu. Alitupa asichokijua, na asichokijua ndicho kilichokuwa na thamani kuliko vyote nyumbani mwake. Hakika, usilolijua ni kama usiku wa giza.

Mtoto alimshika mgeni wake mkono, wakavuka kizingiti, akasema:

"Twende, nitakutengenezea kwenu."